Amri ya Gavana na Nafsi ya Luteni Dawes

Mnamo Desemba 1790, ilhali makazi ya Waingereza pale Sydney hayajatimiza hata miaka 3, mwindaji wa Gavana Arthur Phillip, McIntyre kwa jina, alichomwa mkuki wa Pemulwuy, shujaa wa wenyeji wa upande wa Botany Bay. Gavana, ambaye miezi 3 kabla yake alijeruhiwa kwa mkuki yeye mwenyewe huko Manly asilipize kisasi, safari hii alighadhibika, akaamuru askari wapatao 50 waende wakakamate wenyeji 2 na kuua 10, wakichukua mashoka ya kukatia vichwa na mifuko ya kuvitilia. Kapteni Watkin Tench alimsihi, na hesabu ikapunguzwa ikawa watu 6.

Miongoni mwa walioteuliwa kwenda alikuwamo Luteni William Dawes, mwanafalaki wa kambi, aliyekaa faraghani penye kibanda chake cha kutazamia nyota, na ambaye katika miaka ile alikuwa akijifunza lugha ya wenyeji kwa binti mmoja aitwaye Patyegarang. Binti huyo alimwambia waziwazi, naye akayaandika katika daftari, kwamba watu wake wana hasira kwa kuwa weupe wameikalia nchi yao, na kwamba wanaziogopa bunduki. Mtu aliyekwisha kuambiwa hayo ataendaje kukata vichwa? Dawes alikataa kwa barua, jambo zito kwa askari aliyekula kiapo; kisha kasisi Richard Johnson akamnasihi, akaenda.

Kwa upande wa pili alikuwapo Colebee, mwenyeji aliyezoea kula nyumbani kwa Gavana. Gavana alijaribu kumzuia kwa zawadi asitoke mjini, lakini alikwenda zake, na askari wakamkuta Botany Bay akivua samaki. Alipoulizwa, akajibu kuwa Pemulwuy amekwisha kukimbilia mbali. Kwa rai yangu, wawili hawa walibanwa na dhiki moja, ila Colebee hakuwa na kiapo cha kumfunga.

Askari walirudi mikono mitupu. Pemulwuy aliishi hadi 1802 alipouawa, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Dawes naye alitamka hadharani kwamba anajuta kukubali kwenda. Na alipotaka kubaki Australia, Gavana akamshurutisha aombe radhi kwanza. Hakuomba, na Desemba 1791 akaondoka kwa merikebu.