Nani "alileta" pesa za wazee? Historia fupi ya Inua Jamii

Kampeni zikikaribia, ubishi ni ule ule: nani alileta pesa za wazee. Hawa wanasema ni sisi tulianzisha, wale wanasema ni sisi tuliongeza, na huku chini watu wanatukanana hadi usiku wa manane. Hilo swali limenichosha, manake linamficha mwenye pesa. Tuanze kule nyuma, mtanivumilia uzi ni mrefu kidogo.

Baada ya uhuru, mpango wa uzeeni ulikuwa wa mtu aliyeandikwa kazi. NSSF ilianzishwa 1965 kwa ajili ya wafanyakazi wa kuajiriwa, na mtumishi wa serikali alikuwa na penseni yake. Na mama wa shambani je? Fundi wa jua kali? Mfugaji wa Turkana? Hao waliachiwa watoto wao. Hesabu ilikuwa kwamba mtoto atamlisha mzazi, basi.

Halafu Ukimwi ukaivuruga hiyo hesabu. Kufikia 1999, serikali ilipoutangaza kuwa janga la kitaifa, waliokuwa wakizikwa ni wale wale waliotarajiwa kuwalisha wazee. Shosho akabaki na wajukuu na hakuna wa kutuma chochote kutoka mjini. Hapa ndipo hii pesa ilianzia, si kwenye manifesto ya mtu. Mwaka 2004 jaribio dogo lilianza na kaya 500 huko Garissa, Kwale na Nairobi, UNICEF ikisaidia, kwa nyumba zinazolea mayatima. Miaka michache baadaye wakaingizwa wazee maskini. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zikapata mpango wao wa kupambana na njaa, kwa sehemu kubwa kwa pesa za walipa kodi wa Uingereza. Kisha watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2018 mlango ukafunguliwa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi asiye na penseni ya serikali, awe maskini au la. Hebu sasa niambie, hapo ni mheshimiwa yupi mmoja wa kupigiwa makofi?

Lakini mwaka wa maana kwangu ni 2010. Kabla ya hapo pesa hii ilikuwa hisani tu, serikali ikitaka inatoa, isipotaka inaacha, na hungekuwa na pa kulilia. Katiba ya zamani haikuwa na haki za kiuchumi na kijamii. Katiba mpya ikasema kwenye Kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawapa msaada wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kikawataja wazee wenyewe: watunzwe na kusaidiwa na familia zao pamoja na Serikali. Neno ni "pamoja". Ukisikia mtu akisema kutunza wazee ni kazi ya familia peke yake, mwonyeshe hapo.

Najua mtaniambia Kifungu cha 21 kinasema haki hizi zitatimizwa hatua kwa hatua. Ni kweli. Ila someni pia cha 20: Serikali ikisema haina pesa, ni juu yake kuthibitisha mbele ya mahakama kwamba haina. Si juu ya shosho.

Tatizo ni kwamba sheria ilibadilika, tabia haikubadilika. Sheria ya Usaidizi wa Jamii ilipitishwa 2013, ikataka iundwe mamlaka maalum ya kusimamia mambo haya. Mamlaka hiyo haikuundwa. Imebidi 2025 Bunge lipitishe sheria nyingine kuchukua nafasi yake. Miaka yote hiyo mzee ameendelea kumtegemea chifu, orodha na bahati. Kuna wakati nilimsindikiza jirani yangu, mama wa miaka 74, kwa ofisi moja kuuliza kwa nini malipo yake yamekatika. Karani, kijana mdogo tu, akamjibu, "Cucu, si ushukuru hata zile ulipata?" Na yule mama akashukuru! Akainama, akashukuru, akageuka kwenda nyumbani. Mimi ndiye nilibaki pale nikibishana.

Jibu la yule karani halina msingi wa kisheria. Kifungu cha 47 na Sheria ya Utawala wa Haki ya 2015 vinasema kabla ofisi ichukue uamuzi unaokuumiza, ikuarifu, ikupe nafasi ya kujieleza, na ikupe sababu. "Jina halipo kwenye mfumo" si sababu. Uliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Alama za vidole zikikataa kwa sababu jembe limezifuta, uliza kuhusu mlezi aliyesajiliwa kupokea kwa niaba ya mzee, utaratibu huo upo. Ukiitishwa "ya chai" ili jina lirudi, hiyo ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamhusu huyo anayeitisha. Wakikunyamazia, Ombudsman hupokea malalamiko dhidi ya maofisi ya umma bila malipo.

Na mwandike kweli, weka nakala. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitupilia mbali kesi ya mzee mmoja mgonjwa wa kisukari aliyetaka Serikali imtunze chini ya vifungu hivi hivi. Jaji hakusema haki haipo. Alisema ushahidi wa kuonyesha Serikali imeshindwa wapi haukuwekwa mbele yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Mitu-Bell ya watu waliobomolewa nyumba karibu na Uwanja wa Wilson, ikasema wazi kwamba haki za Kifungu cha 43 zinaweza kudaiwa mahakamani. Kwa hivyo mlango upo, na kuwasilisha kesi ya haki za kikatiba hakutozwi ada. Kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida, au maelezo ya mdomo.

Sasa mheshimiwa akija kwa baraza kusema amewaletea, kuna swali moja naomba aulizwe. Malipo yamekuwa Sh2,000 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka 10, na unga wa kilo 2 tunajua ulikotoka na ulipo. Atueleze, kwenye bajeti ijayo, ni mstari gani unaoongeza hiyo Sh2,000, na kwa kiasi gani?