Vioo vya shaba vya leza

Vioo vya shaba vya leza ni vioo vya metali vinavyoelekeza na kukusanya miali yenye nguvu kubwa, hasa ya leza ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa na Kumar Patel mwaka 1964 katika maabara za Bell, Marekani. Leza hiyo hutoa mwali usioonekana wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 10.6, ambao kioo cha kawaida, kama cha dirisha, huufyonza. Lenzi za zinki selenidi huupitisha, lakini zikipata joto fokasi huhama, na uchafu kidogo tu waweza kuzipasua.

Shaba iliyong'arishwa huakisi karibu asilimia 99. Asilimia 1 inayobaki si ya kupuuzwa: kwa mwali wa kilowati 10 ni wati 100 za joto, nazo huondolewa na maji yanayopita katika mifereji iliyochongwa ndani ya kioo. Hapo ndipo kioo huishinda lenzi, ambayo hupozwa ukingoni tu. Kioo chenye umbo la parabola huugeuza mwali na kuukusanya papo hapo. Udhaifu wa shaba ni ulaini wake. Hukwaruzika upesi inaposafishwa. Molibdeni ni ngumu zaidi, ingawa huakisi kidogo kuliko shaba.