Safu ya Lugha: Wilaya
Waandishi wetu wa habari, waitajapo South Cambridgeshire ya Uingereza, huiita wilaya, na hapo hawakukosea. Taksiri huja pale wanapoipachika na mkuu wa wilaya, mtu ambaye huko hayuko. Neno hili la Kiarabu, nduguye liwali, limezoea amri itokayo juu. Bali wilaya hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1974 na kuuzunguka mji wa Cambridge pande zote pasi na kuumiliki, husimamiwa na madiwani waliochaguliwa, ambao huzolesha taka za majumbani na kutoa vibali vya ujenzi, ilhali shule na aghalabu ya barabara zi mikononi mwa kaunti. Kadhalika halmashauri ni baraza la madiwani hao, si ardhi wanayoisimamia. Na yule aiitaye kaunti “jimbo”, huyo tumwachie mhariri wake.