Mbwa wa ulinzi naye huugua: dalili za kuangalia na huduma za msingi

Katika miji ya Uganda, kuanzia Kampala hadi Jinja na Mbale, mbwa wengi hufugwa kwa kazi moja: kulinda ua usiku. Mchana hufungiwa bandani, jioni hufunguliwa, na chakula chao ni posho iliyobaki pamoja na mchuzi wa dagaa. Zipo familia ambazo, kwa sababu za dini, hazipendi mbwa aguse mavazi wala vyombo, nazo humtimizia mahitaji yake kwa mbali. Umbali huo si kosa. Tatizo ni kwamba mbwa asiyeguswa mara nyingi hakaguliwi pia, na maradhi yake mengi huanza mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama mlangoni halifiki: kati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye fizi.

Ugonjwa wa kwanza kutajwa ni kichaa cha mbwa, si kwa kuwa ndio unaoonekana mara nyingi zaidi, bali kwa kuwa hauna msamaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kwa mtu au kwa mnyama, hakuna tiba ya kutegemewa.

Picha iliyozoeleka ni ya mbwa anayekimbia ovyo akimng'ata kila anayekutana naye. Ni picha ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Ipo namna ya kimya ya ugonjwa huo: taya la chini hulegea, mate humtiririka, sauti hubadilika, mbwa hushindwa kumeza hata maji na hutafuta kona yenye giza. Mwenye nyumba humwona hivyo akadhani amekwamwa na mfupa kooni, akaingiza mkono ili autoe. Mate hayo ndiyo yanayobeba virusi, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuvipitisha. Mbwa mwenye dalili hizo asiguswe wala asifunguliwe kinywa. Afungiwe peke yake, watoto waondolewe karibu, na daktari wa mifugo aitwe.

Mtu aliyeng'atwa, au aliyelambwa na mbwa wa kushukiwa mahali penye jeraha, aoshe jeraha hilo mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo ili aanze chanjo. Pilipili, mafuta na majani yaliyopondwa havisaidii, na huchelewesha safari. Chanjo hiyo hutolewa kwa awamu, na aliyeanza hana budi kuzimaliza zote. Wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wa kushukiwa duniani ni watoto wa chini ya miaka 15, nao mara nyingi huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa. Mzazi anayemkaripia mtoto kwa kumchokoza mbwa afanye hivyo baadaye, akiwa amekwisha kumfikisha hospitali.

Kwa upande wa mbwa, kinga ni sindano inayotolewa akiwa na umri wa miezi mitatu, ikarudiwa baada ya mwaka mmoja, na baadaye kwa ratiba ya daktari. Wataalamu husema kuwa mbwa wapatao asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Ndiyo maana kampeni za chanjo huhitaji kila ua, hata ule ambao mbwa wake hatoki nje ya lango.

Baada ya kichaa, msumbufu mkubwa ni kupe. Kupe wa kahawia anayependa mbwa haishi majanini tu. Hupanda ukutani, akajificha katika nyufa za banda, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo. Kumsafisha mbwa bila kusafisha banda ni kazi bure. Kupe huyo huingiza katika damu vijidudu vinavyosababisha homa. Mbwa hupoteza hamu ya kula, hulala sana, fizi zake hupauka badala ya kuwa za waridi, mkojo huweza kuwa mwekundu au wa rangi ya chai, na wengine hutokwa na damu puani. Watu wengi hupapasa pua ya mbwa wakitafuta homa, lakini pua kavu haithibitishi kitu. Kipimajoto ndicho kinachosema kweli, na joto la kawaida la mbwa hufika nyuzi 39, juu kidogo kuliko la binadamu. Homa ya kupe hutibika ikiwahiwa.

Hapa ndipo linapoingia kosa la dawa ya ng'ombe. Dawa ya kuogeshea mifugo, ikichanganywa kwa kukisia na kumwagiwa mbwa, humtia sumu kwa urahisi, kwani yeye hujilamba. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka kwenye upele, ni mbaya zaidi: huunguza ngozi, hupenya mwilini na humezwa mbwa anapojilamba. Upele unaoletwa na utitiri, ule unaotoa manyoya kwenye masikio na viwiko, una dawa zake za sindano, za vidonge na za kupaka, na aina mojawapo huweza kumwasha binadamu pia. Mbwa anayechechemea na kulamba nyayo akaguliwe funza. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Bugiri, mashariki mwa nchi, ulionyesha kuwa nguruwe na mbwa hubeba funza wale wale wanaowasumbua watu, hivyo kutibu miguu ya watoto na kumsahau mbwa ni kuacha mlango wazi.

Minyoo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwani watoto wa mbwa huambukizwa wakiwa bado tumboni mwa mama yao. Dawa huanza kutolewa wakiwa na umri wa wiki mbili na hurudiwa mara kwa mara utotoni. Mbwa mkubwa hupewa takriban kila baada ya miezi mitatu. Mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili hivi au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikizolewa kila siku na kufukiwa, watoto wanaocheza uani wako salama zaidi, maana lava wa minyoo hiyo wanaweza kufika hata kwenye jicho la mtu.

Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu yenye harufu kali asisubiri kesho. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaokausha maji mwilini na kuua kwa siku chache. Virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi, kwa hiyo si busara kuleta mtoto mwingine asiyechanjwa katika ua ule ule.

Kuhusu chakula, maji safi yawepo usiku na mchana. Mabaki yenye vitunguu vingi huharibu damu ya mbwa, na mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha kali. Panadol na dawa nyingine za maumivu za binadamu asipewe kabisa.

Ukaguzi wa mara moja kwa wiki hauchukui dakika kumi, na anayechelea kugusa huweza kuvaa glavu. Mnyama anapopelekwa kwa daktari, abebe pamoja naye kadi ya chanjo na chupa au karatasi ya dawa yoyote aliyokwisha kupewa, hata ikiwa ni ile ya ng'ombe. Daktari hawezi kuchagua sindano salama bila kujua kilichotangulia.