Mwana wa Mbali na Asili Yake

Wazee wetu walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa hiyo katika jamaa zetu nyingi mtoto aliyefiwa alipata shangazi, mjomba au bibi wa kumpokea, na kupokewa huko hakukumfutia ukoo wake. Waislamu nao wamefundishwa na Kurani kwamba mtoto wa kupanga aitwe kwa jina la baba yake mzazi. Mtoto alihama nyumba, hakuhama asili.

Karne ya 20 ilileta malezi ya namna nyingine: mume na mke wavuka bahari, waende nchi wasiyoijua, wamtwae mtoto wasiyepata kumwona, awe wao kwa sheria. Mambo hayo yalianzaje, nayo yatufundisha nini?

Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa Vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953. Vita vilipokoma viliacha mayatima kwa maelfu, na pamoja nao watoto waliozaliwa na askari wa kigeni, ambao jamii haikuwakubali. Mwaka 1955 mkulima wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Harry Holt, alisafiri hadi Korea. Yeye na mkewe Bertha walikuwa na watoto sita wa kuwazaa. Sheria ya kwao iliruhusu mayatima wawili tu kwa jamaa moja. Wao walitaka wanane, na Bunge la Marekani likapitisha sheria mahususi kwa ajili yao. Mwezi Oktoba Holt alirudi na watoto kumi na wawili: wanane wake, wanne wa jamaa nyingine. Habari ikaenea magazetini, na watu wengi wakatamani kufanya kama yeye.

Huruma ya mtu mmoja ikageuka kuwa utaratibu mkubwa. Wazazi wengi waliochukua watoto wa Korea hawakusafiri kabisa. Mtoto ndiye aliyesafirishwa kwa ndege mikononi mwa msindikizaji, nao wakampokea uwanjani. Nchi ikajengeka upya, ikaneemeka, lakini safari hazikukoma: mwaka 1985 peke yake watoto zaidi ya 8,000 waliondoka. Wengi wao walikuwa wana wa mama wasioolewa, ambao jamii iliwaaibisha na serikali haikuwategemeza.

China nayo ilifungua mlango kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1992. Huko ilikuwa lazima mzazi mpya, walau mmoja wa wawili, aende mwenyewe. Watoto wengi waliotolewa walikuwa wasichana, kwa kuwa sera ya mtoto mmoja ilikutana na desturi ya kupendelea wavulana. Hata ilipofika mwaka 2024, China ilipoufunga mlango huo isipokuwa kwa jamaa wa karibu, watoto zaidi ya 160,000 walikuwa wamekwenda ng'ambo.

Hebu tukitazame chumba cha makabidhiano. Wazazi wapya walia kwa furaha ya kungoja miaka. Mtoto naye alia, lakini kilio chake si cha furaha: sauti aliyoizoea imenyamaza, mikono iliyombeba ni migeni, na lugha anayobembelezwa nayo haijui. Vilio vyote viwili ni vya kweli, na mwanahistoria hana haki ya kusikia kimoja tu.

Aliyepata kushika daftari za serikali ajua nguvu ya karatasi. Katika Korea watoto wengi waliandikwa mayatima hali wazazi wao wa hai, na wengine walipewa majina ya watoto wengine. Walipokuwa watu wazima walirudi kutafuta mama zao, wakakuta daftari linasema uongo. Mwezi Machi 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya Korea Kusini ilitamka kwamba serikali ilishindwa kulinda haki za watoto hao.

Mataifa yalikwisha kujifunza sehemu ya somo hilo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 uliagiza kwamba mtoto atafutiwe kwanza jamaa katika nchi yake, na kwamba mtu asijitajirishe kwa kumtoa. Mwaka 2018 Ethiopia ilipiga marufuku wageni kuasili watoto wake. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka sharti kwamba mgeni awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto kwa miezi mitatu chini ya ofisa wa ustawi wa jamii. Hekima ya sharti hilo ni wazi: anayetaka mwana na aje kwanza aijue nchi ya mwana.

Husemwa kuwa mwacha asili ni mtumwa. Mtoto wa safari hizi hakuacha asili. Aliachishwa, tena pengine kwa mapenzi. Apewe nyumba, apewe chakula na elimu, lakini jina la alikotoka liandikwe kwa ukweli, ili siku atakapouliza apate jibu.