Vali ya Bandia: Kipimo Hakiishi Siku ya Upasuaji

Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyewekewa vali ya bandia moyoni, akarudi nyumbani Garsen. Vali ni milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma. Kwetu Afrika Mashariki mara nyingi huharibiwa na homa ya rumatiki, inayoanza na mafindofindo yasiyotibiwa.

Usiku kukiwa kimya, mlaze karibu nawe, utasikia kifua chake kikilia tik, tik. Usiogope. Ni vali inafunga.

Zamani sikio ndilo lililokuwa kipimo kikubwa. Mwaka 1960, huko Portland, Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walitumia vali ya gololi ndani ya kizimba. Mgonjwa wa kwanza alifariki mapema. Wa pili aliishi zaidi ya miaka 10. Lakini ili kujua kama vali imebana, daktari alilazimika kupitisha mrija kwenye mshipa hadi moyoni. Hebu fikiria mtoto wako akifanyiwa hivyo kila mara!

Nafuu ilitoka Sweden. Mwaka 1953 Inge Edler na Hellmuth Hertz waliuangalia moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti iliyokuwa ikitafuta nyufa kwenye chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Liv Hatle na wenzake wa Norway walionyesha kwamba mwendo wa damu ukipimwa kwa mawimbi hayo, daktari anajua mlango umebana kiasi gani. Hiyo ndiyo picha ya moyo mnayoitiwa kliniki, na haiumi.

Kwa nini muitwe tena na mtoto ni mzima? Kuna vali moja iliyouzwa kuanzia 1979 ambayo kijiti chake kilivunjika ndani ya mamia ya watu, miaka baada ya kushonwa. Iliondolewa sokoni 1986.

Kipimo kingine ni cha damu. Damu hupenda kuganda kwenye vali ya bandia, ndiyo sababu mtoto humeza wafarini. Ndiyo, mama, dawa hiyo ilianza kama sumu ya panya. Watu wakaanza kutibiwa nayo 1954. Ikipungua damu huganda, ikizidi mtoto hutoka damu. Zamani kila maabara ilikuwa na hesabu yake, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoweka kipimo kimoja mwaka 1983. Sasa jibu la Malindi husomeka Nairobi. Litunze kwenye daftari.

Mto Tana ukifurika, kama ilivyokuwa 1997 na 2023, barabara hukatika. Kabla ya mvua, hesabu vidonge na umwombe daktari vya akiba. Binti akikua, amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na ule mlio wa usiku ukififia au ukipotea, au mtoto akishindwa kupumua, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali, na daftari lake mkononi.