Kikundi Ni Lango la Kwanza: Hoja Kuhusu Ruhusa katika Programu za Wavuti

Fundisho lililozoeleka kwa wajenzi wa mifumo ni kwamba watumiaji wakipangwa vizuri katika vikundi, usalama umekamilika. Mhasibu awe na wahasibu, mteja awe na wateja, kisha kila kikundi kipewe ruhusa zake. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn waliandika makala iliyoweka msingi wa ruhusa zinazofuata majukumu; mwaka 2004 utaratibu huo ukawa kiwango rasmi nchini Marekani. Manufaa yake hayana ubishi: mfanyakazi akihamishwa idara, anatolewa kikundi kimoja na kuingizwa kingine. Ubishi unaanza pale kikundi kinapofanywa jibu la mwisho.

Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za akaunti zaidi ya 360,000 za kadi za benki ya Citigroup. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba waliingia kwenye tovuti ya wateja kama mteja yeyote anavyoingia, wakabadilisha namba ya akaunti iliyokuwa ndani ya anwani ya ukurasa, na akaunti ya mtu mwingine ikafunguka. Programu ndogo ikarudia kitendo hicho maelfu kwa maelfu ya mara.

Kwa kipimo cha kikundi, kila ombi lilikuwa halali: aliyeomba ni mteja, na mteja anaruhusiwa kusoma akaunti. Swali ambalo mfumo haukuuliza ni hili: akaunti hii ni ya nani?

Watafiti wa usalama wa kompyuta Saltzer na Schroeder walikwisha kusisitiza mwaka 1975 kwamba kila ombi, kwa kila kitu kinachoombwa, likaguliwe. Watetezi wa vikundi hujibu kwamba dawa ni kuongeza vikundi vidogo zaidi. Lakini benki ikimfungulia kila mteja kikundi chake, neno kikundi limepoteza maana.

Wengine huhofia kwamba ukaguzi wa kila rekodi utauchelewesha mfumo. Makala ya mwaka 2019 kuhusu Zanzibar, mfumo wa ruhusa wa Google, inadhoofisha hofu hiyo: unahudumia mamilioni ya maombi kwa sekunde, na asilimia 95 hujibiwa chini ya milisekunde 10. Hospitali ya wilaya haina seva za Google, ila pia haina mzigo wa Google. Tayari DHIS2, inayotumika kukusanya takwimu za afya Kenya na Tanzania, hutenganisha kazi anayoruhusiwa mtumiaji na vituo ambavyo data zake anaruhusiwa kuziona.

Mwaka 2021 OWASP, shirika la usalama wa programu, iliupandisha udhaifu wa udhibiti wa ruhusa kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza katika orodha yake ya hatari. Huenda sababu ni zaidi ya moja, lakini kuchanganya uanachama na umiliki ni mojawapo. Kabla mfumo haujapokelewa, wakaguzi wafungue akaunti mbili ndani ya kikundi kimoja, wabadilishane namba za rekodi, na waone kama seva itakataa.